Pigo la Sabini na Sita

Lovina Thrall alikuwa na jicho la dosari, na jicho hilo ndilo lililompa mkate wake. Kwa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya dirisha kubwa la kiwanda cha vitambaa cha Pellbrook, kitambaa kikishuka taratibu kutoka juu mbele ya mwanga, naye akitafuta uzi uliokatika, fundo, au tone la mafuta. Akiona kasoro hutia chaki ukingoni, na kitambaa kikaendelea kushuka. Ni kazi inayoweza kumlaza mtu akiwa wima. Lovina alikuwa amejifunza kulala hivyo, macho kitambaani na mwenyewe yuko kwingine kabisa, kwenye malisho ambayo hakuwahi kuyakanyaga, na bado hakuna fundo lililompita. Wenzake humwita, "Vina, umesharudi?" naye huwajibu bila kugeuka, "Sijaenda popote. Nyie fanyeni kazi."

Majira ya kuchipua ya mwaka 1934 kiwanda kilifungua milango siku tatu tu kwa wiki, kama viwanda vingine vya bonde lile la Massachusetts, kwa hiyo Lovina alijikuta na alasiri nyingi kuliko alivyozoea. Alikaa nyumbani na baba yake. Mzee Asahel Thrall alikuwa na miaka sitini na saba, mwili mzima, viganja bado vipana, lakini tangu mkewe Keziah afariki, baridi mbili zilizopita, akili yake ilikuwa na tabia ya kutoka na kurudi. Alishinda barazani kwenye kiti cha kubembea, mti wa tufaha ukimdondoshea maua meupe magotini, na mara kwa mara aliita kuelekea jikoni, "Kezi, kuna chai?" Lovina huleta chai. Hakumsahihisha hata siku moja. Alimpenda mno, na aliona kumsahihisha ni kumzika mama yake mara ya pili.

Asahel huyu hakuwa mtu hivi hivi. Kiangazi cha mwaka 1891, wakati glavu zilikuwa ndogo kama za kwenda kanisani na uwanja wa Pellbrook ulikuwa na mashimo ya kuvunja mguu wa ng'ombe, alipiga mpira kuliko mwanamume yeyote wa Ligi ya Bonde, miji sita ya viwanda iliyokuwa ikichukiana kwa furaha kubwa kila Jumamosi. Zamu mia mbili akiwa na gongo mkononi, mapigo sabini na sita. Watu wa besiboli hupenda kupima kila kitu kwa elfu, na kwa hesabu yao hiyo ni mia tatu themanini. Aliyemfuata ni Ambrose Kittredge wa Quillby, mji wa ng'ambo ya mto, mapigo sabini na mawili kwa zamu zilezile mia mbili, yaani mia tatu sitini. Pellbrook nzima ilizijua namba hizo kama ilivyojua saa ya king'ora cha kiwanda.

Mwaka ule kamati ya uwanja, wazee ambao ukiwapa shoka wataunda kamati ndogo ya kulitazama, walikata shauri kupaka rangi upya ubao wa langoni. Juu yake pangeandikwa jina la mpigaji bora wa zamani wa ligi na wastani wake. Ubao ungefunuliwa Siku ya Kupamba Makaburi, tarehe thelathini Mei, watu wakitoka makaburini kuweka maua ya zambarau ya mlilaki na kwenda moja kwa moja uwanjani. Jambo lilikuwa limekwisha kabla halijaanza, mpaka ilipofika barua ya Ambrose Kittredge.

Orrin Satterlee aliileta mwenyewe. Alikuwa kinyozi, mwenyekiti wa kamati, na mchoraji wa mabango yote ya mji, na vitu vyote vitatu alivifanya huku akizungumza. Siku hiyo alisimama jikoni kwa Lovina na kofia mkononi, kimya, jambo ambalo lilimtisha Lovina kuliko barua.

"Soma tu mwenyewe," alisema.

Barua ilikuwa fupi. Ilisema kwamba mwandishi wa mchezo wa Pellbrook mwaka ule, aliyeketi jukwaani na penseli kuamua lipi ni pigo na lipi si pigo, alikuwa binti aitwaye Keziah Ames. Na kabla theluji ya mwaka ule haijaanguka, binti huyo alikuwa anaitwa Keziah Thrall. Kamati ijiulize penseli ile ilikuwa inashikwa na nani.

"Anamwita mama mwongo," alisema Lovina.

"Hajasema hivyo."

"Orrin, anasema hivyo hivyo."

Satterlee alizungusha kofia. "Kitabu chake bado unacho?"

"Ninacho."

"Basi kipitie, dada. Jumamosi ya tarehe ishirini na sita tunakutana kituo cha zimamoto, na Kittredge atakuwepo. Ukituambia kiko safi, napaka rangi. Ukituambia si safi..."

"Nitawaambia kilichomo."

"Najua," alisema yule kinyozi, akavaa kofia. "Hapo ndipo ninapoogopa mimi."

Alikuwa na haki ya kuogopa. Lovina hakujua kusema uongo, na aliyemnyima ujuzi huo ni Keziah. Alipokuwa na miaka minane, mama yake alimrudisha shuleni kwa miguu, theluji ikimfika magotini, akamwambie mwalimu kwamba amempa alama kumi kwa makosa, kwani alizostahili ni tisa. Lovina alilia njia nzima kwenda na njia nzima kurudi. Alikuwa amejenga maisha yake yote juu ya mama huyo. Kama mama huyo aliwahi kukaa kwenye jukwaa la mbao na kumwandikia mchumba wake mapigo ambayo hakuyapiga, basi Lovina hakujua amesimama juu ya nini.

Kitabu kilikuwa ndani ya kasha la mashuka, kimefungwa kwa utepe. Mwandiko ulikuwa mdogo, wima, wa penseli. Kwa kila mpigaji aliyefika kituo cha kwanza salama, Keziah alikuwa na alama mbili tu. Akiona amefika kwa nguvu ya pigo lake, aliweka mstari mmoja wima. Akiona amefika kwa sababu mlinzi kaponyokwa na mpira aliopaswa kuudaka, aliweka msalaba mdogo: hilo ni kosa la mlinzi, na mpigaji hapati kitu. Mwandishi wa mchezo hana wa kumuuliza. Anaona, anaandika, mchezo unaendelea, na hukumu yake inabaki miaka na miaka baada ya vumbi kutua. Nyuma ya kitabu alikuwa amebandika vipande vya gazeti la bonde, mechi zote za ligi, za miji yote sita.

Lovina alilikuta tatizo mapema, na alilikuta kwa mazoea ya kazi. Kabla ya kuhesabu chochote aliinua kurasa moja moja mbele ya dirisha la jikoni, kama kitambaa. Kurasa zote zilikuwa safi ila ya mwisho. Tarehe kumi na mbili Septemba, mechi ya kufunga msimu, zamu ya mwisho ya Asahel Thrall: mstari wima. Pigo la sabini na sita. Na chini ya mstari ule, mwanga ulipopenya, palionekana msalaba uliofutwa. Ulikuwa umefutwa kwa muda mrefu, karatasi imekaribia kutoboka.

Aliketi. Barazani kiti cha kubembea kilikuwa kikienda na kurudi.

"Kezi!" aliita mzee. "Wamefika Quillby?"

"Bado, Baba," alijibu Lovina.

Alasiri zilizofuata alihesabu. Mezani palikuwa na kitabu, karatasi za kufungia nyama alizozichana vipande, na bakuli la maharage ya kuoka lililopoa bila kuguswa. Kuhesabu kulimpeleka mbali kuliko kitambaa kilivyowahi kumpeleka. Hakuwahi kumwona baba yake akicheza, alizaliwa miaka miwili baadaye, lakini aliposoma mstari, mstari, msalaba, mistari ile ilianza kusogea. Aliona majani marefu nyuma ya kituo cha pili. Aliona kivuli cha bomba la kiwanda kikilala uwanjani saa kumi, wanaume wakikitumia kujua muda. Kijana mwembamba mwenye viganja vipana alikuwa akipangusa gongo kwenye paja lake, na juu jukwaani palikuwa na kofia ya majani yenye utepe wa buluu, imeinama juu ya kitabu. Lovina alitaka kofia ile iinuke, aone uso. Haikuinuka. Mara alishtuka na kukuta kivuli ni cha birika lake, na kwamba amekwisha kujumlisha ukurasa mzima bila kukosea.

Jumla zilimuumiza. Nje ya Pellbrook, ambako makarani wa miji mingine ndio waliokuwa wakiandika, baba yake alipata mapigo thelathini na matano kwa zamu mia. Pellbrook, kwa penseli ya Keziah, alipata arobaini na moja kwa zamu mia. Mia tatu hamsini ugenini, mia nne na kumi nyumbani. Sitini zaidi, na palepale mchumba ameketi na kitabu. Lovina alilala chini kwenye sakafu ya jikoni, mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja, akatazama dari. Alikuwa na hasira na mama yake, hasira ya kweli, ya kutaka kumrudisha kwa miguu katika theluji.

Kilichomwinua ni mazoea yaleyale ya kiwanda. Ukikuta fundo kitambaani huulizi fundo lile tu. Unatazama kitambaa cha jirani, kilichofumwa siku hiyohiyo kwenye mtambo uleule. Kama nacho kina mafundo, basi kosa si la uzi. Alikuwa amempima baba yake peke yake. Wenzake wa wakati ule hakuwapima.

Kwa hiyo alianza upya na wageni wote waliokuja kucheza Pellbrook kiangazi kile, mapigo mia mbili na kitu, jina kwa jina, kisha akawafuata watu walewale katika vipande vya gazeti kwenye viwanja vingine. Ilimchukua wiki nzima. Macho yalimwasha. Kwenye viwanja vingine wale wageni walikuwa na wastani wa mia mbili na hamsini. Pellbrook walikuwa na mia tatu thelathini. Themanini zaidi! Watu wasio wachumba wa mtu yeyote, wengine sura zao hata mama zao walizivumilia tu, wote walipofika mbele ya Keziah waligeuka mafundi. Ambrose Kittredge mwenyewe alizidi wote.

Lovina alicheka peke yake, mkono mdomoni. Mama yake hakuwa amempendelea mchumba. Alikuwa mpole kwa wote. Makarani wa miji mingine waliandika makosa matano, sita, kila mechi, kwa glavu zile na mashimo yale. Keziah, kwa mechi ishirini, aliandika makosa kumi na moja tu. Na katika upole ule wote baba yake aliambulia sitini, wageni themanini.

Lakini msalaba uliofutwa ulikuwa bado pale.

Jumamosi alivaa gauni lake la kijivu, akachukua kitabu chini ya kwapa, akaenda kituo cha zimamoto. Wazee saba walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja kando ya gari jekundu. Ambrose Kittredge alikuwa wa nane, mtu mkubwa, tumbo limetangulia, macho ya utani. Alimwinukia Lovina kwa heshima na kumpa kiti.

"Bi Lovina, mimi sina ugomvi na wewe," alisema. "Wala na Asahel. Mama yako alikuwa mwanamke safi, pai zake nilizila na nikaomba nyingine. Lakini alikuwa anapenda, bwana! Mtu akipenda anaona nini? Wewe ungeona?"

"Sijui, Bwana Kittredge. Sijajaliwa," alisema Lovina, na wazee wakatazama viatu vyao. "Nikuulize kitu kimoja. Mwaka ule mlipokuja kucheza kwetu ulipata zamu ishirini. Unakumbuka mapigo?"

"Mengi," alisema Kittredge, akaipandisha suruali.

"Kumi. Ni mia tano kwa elfu. Ukiondoa uwanja wetu, kwingine kote ulikuwa na mia tatu arobaini na nne." Aliinua macho kutoka kwenye karatasi ya nyama. "Na wewe alikupenda?"

Kituo cha zimamoto kililipuka kwa kicheko. Satterlee alilazimika kushika bomba la gari asianguke. Kittredge alicheka kidogo, kisha akawa mwekundu kuanzia shingoni.

"Alinipenda wapi! Yule mwanamke alikuwa hanitaki kabisa. Tazameni!" Aliinua mkono wa kulia. Kidole cha shahada kilikuwa kimepinda pembeni. "Mnaona hii? Tarehe kumi na nane Julai, hapo hapo kwenu. Mimi niko kituo cha tatu. Mpira umekuja hivi, sijauona hata rangi, umenivunja kidole na kwenda zake mpaka kwenye majani. Ukuta wa kanisa usingeuzuia! Na mama yako kaandika nini? Kosa! Kosa la Kittredge! Nimesoma kwenye gazeti na mkono umefungwa bandeji. Miaka arobaini na mitatu, bibie, na mvua ikija kinaniuma."

"Nani alikuwa anapiga?" aliuliza Lovina.

"Eh?"

"Huo mpira. Nani aliupiga?"

Mkono wa Kittredge ulibaki juu, kidole kimepinda.

Lovina alifungua kitabu. Siku zote zile alikuwa akihesabu mistari. Misalaba alijumlisha tu idadi yake, hakuwahi kutazama ilimwangukia nani. Tarehe kumi na nane Julai: msalaba mmoja, mbele ya jina la A. Thrall. Alifunua nyuma, akafunua mbele, midomo ikisogea. Msalaba mwingine, A. Thrall. Mwingine, A. Thrall. Kulikuwa na mmoja wa mlinzi aliyedondosha mpira akimpungia mkono mama yake, na mmoja wa mlinzi mwingine aliyekuwa amelewa, Keziah ameyaandika hayo pembeni. Iliyobaki yote ilikuwa ya mtu mmoja.

"Tisa," alisema. "Misalaba kumi na moja mwaka mzima, na tisa ni kwa mipira ya baba. Kila mtu akipiga mpira wa shaka, mama alimpa pigo. Baba akipiga, alimnyima."

Kittredge alishusha mkono na kuutazama kama mkono wa mtu mwingine. Alikuwa mchezaji, na wachezaji wa zamani hujua hesabu hizi hata usingizini.

"Arobaini na moja na tisa," alisema taratibu. "Hamsini. Mia tano, sawa na mimi." Alikaa, kiti kikalia. "Mama yangu wee. Na mimi miaka yote hii najua alinionea mimi."

"Ondoeni kitabu chake chote," alisema Lovina, "hesabuni viwanja vingine tu. Baba mia tatu hamsini, Bwana Kittredge mia tatu arobaini na nne."

"Inatosha, dada, inatosha," alisema Satterlee. "Napaka rangi, mia tatu themanini. Kuna mwenye neno?"

Hakuna aliyekuwa na neno isipokuwa Lovina, naye aliufumba mdomo. Alifunga kitabu kwa utepe, akapokea mikono ya wazee, akala andazi moja la tundu ambalo hakulisikia ladha, akaondoka. Njia nzima aliona aibu. Mwanamke yule mwenye penseli alikuwa amemnyima mchumba wake mara tisa, hakuyumba hata mara moja, kisha siku ya mwisho akayumba, akafuta, akadhani hakuna atakayeona. Na binti yake ameona, na amenyamaza mbele ya watu wanane. Alama zilizostahili zilikuwa tisa.

Alimkuta baba yake barazani, maua meupe yamemjaa kwenye mikunjo ya koti. Jua lilikuwa limeshuka kiasi cha kuangaza miguu yake tu. Lovina alivuta kigoda, akakaa karibu, akafungua ukurasa wa mwisho juu ya magoti ya mzee.

"Baba, tarehe kumi na mbili Septemba. Unakumbuka zamu yako ya mwisho?"

Asahel alitazama ukurasa kwa muda mrefu. Kidole chake kipana kilipita juu ya majina ya vijana ambao wengi wao walikuwa makaburini upande wa pili wa mji, chini ya mililaki. Kisha kikafika pale karatasi ilipokuwa nyembamba, kikasimama. Lovina alimwona akirudi. Aliiona akili yake ikipanda ngazi za baraza moja moja na kuketi mahali pake.

"Hili halikuwa pigo," alisema mzee.

"Halikuwa?"

"Aa-aa. Mpira wa kitoto, Vina. Umejikokota tu. Umempita yule kijana wa kituo cha pili katikati ya miguu, ng'ombe angeudaka." Alitabasamu. "Kosa mia kwa mia."

"Mbona Mama kaandika pigo?"

"Nilikuwa nimemuuliza jambo asubuhi. Pale darajani."

Lovina alisogeza kigoda karibu zaidi.

"Kiangazi kizima aliniambia, Asa, kwangu hutapata kitu ambacho si chako bila ubishi. Hata nusu. Nikawa napiga mpira unavunja watu vidole, natazama jukwaani, natazama ule mkono wake, msalaba. Msalaba tena! Wenzangu wananicheka. Basi asubuhi ile nikamuuliza. Akasema sasa hivi hanijibu, jibu nitalisoma kitabuni." Mzee alikuwa anaangalia mbali, kwenye malisho ambayo Lovina aliyajua. "Nimekaa kituo cha kwanza, namtazama. Namwona anaandika msalaba. Moyo wangu ukaanguka hapa, kwenye viatu. Kisha namwona ameinama, anafuta. Anafuta, anafuta. Kofia yake ile ya utepe ikainuka, akanitazama."

"Ukafanya nini?"

"Nifanye nini! Nimesimama hatua tano nje ya kituo, nimeduwaa, wakanigusa kiunoni kwa mpira, wakanitoa. Uwanja mzima unanizomea. Sikusikia kitu."

Lovina alitazama kitabu. Ilikuwapo pale pembeni, alama ndogo ambayo aliipita mara kumi bila kuijali: ametolewa, kituo cha kwanza. Katika mechi arobaini haikumtokea mara nyingine yoyote. Alilaza kichwa chake kwenye goti la baba yake, juu ya maua, akalia kwa furaha iliyomuumiza, na mzee akampapasa nywele akidhani, au asidhani, kwamba ni za Keziah.

Jumatatu asubuhi, kabla king'ora hakijalia, alipitia uwanjani. Orrin Satterlee alikuwa juu ya ngazi langoni, kopo la rangi nyeupe limening'inia, ameshamaliza jina na ameanza tarakimu ya kwanza, ile tatu.

"Simama hapo, Orrin! Usiandike themanini."

"Niandike nini tena?"

"Sabini na tano. Mia tatu sabini na tano. Mapigo ni sabini na matano."

Satterlee aligeuka juu ya ngazi, brashi ikidondosha tone jeupe majanini. Hata hivyo Asahel alikuwa bado wa kwanza, na yule kinyozi alijua, lakini alikuwa mtu wa kuhesabu vitu vyake.

"Sasa dada, juzi sabini na sita, leo sabini na matano. Hilo moja limekwenda wapi?"

Lovina alikuwa na kitabu chini ya kwapa. Alikibana zaidi.

"Nimelipeleka nyumbani," alisema.